Tangazo la bei ya mafuta linaliona lori, haliioni meli

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi Bariadi huwa na habari moja. Jedwali la bei kikomo la EWURA linapita kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia ya bodaboda na wenye mashine za kusaga hadi ya wanunuzi wa pamba. Kila mtu anashuka na kidole mpaka afike mkoa wake: Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu, Busega. Anasoma namba zake, petroli, dizeli, mafuta ya taa, kisha anaguna au anashukuru. Basi, jedwali limemaliza kazi.

Leo naomba tulisome tangazo hili kwa namna nyingine, kama tunavyosoma kitabu au makala. Linasema nini? Linanyamazia nini? Na mtu wa Simiyu akishalisoma anabaki na picha gani kichwani kuhusu safari ya mafuta? Nauliza hivyo kwa sababu, tupende tusipende, hili ndilo andiko la kitaalamu linalosomwa na Watanzania wengi kila mwezi kuliko chochote tunachoandika hapa.

Tuanze na sifa, maana linazo

Tangu mwaka 2009 EWURA imekuwa ikitangaza bei ya juu kabisa ambayo kituo cha mafuta kinaruhusiwa kuuza, na inafanya hivyo mji kwa mji. Hii si kitu kidogo. Maana yake ni kwamba mtu wa Mwanhuzi au Lagangabilili anaweza kufanya jaribio la kisayansi kwa kutumia hesabu ya darasa la tatu: achukue bei ya dizeli ya Bariadi, atoe bei ya Dar es Salaam. Kinachobaki ni gharama ya kuyabeba mafuta hayo kwa barabara, zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga mpaka Maswa. Ni maandishi machache sana ya serikali yanayompa raia nafasi ya kuhakiki kwa kutoa tu.

Tangazo pia husema kwa nini bei imepanda au imeshuka: bei za soko la dunia, gharama za waagizaji juu ya bei hiyo, thamani ya shilingi dhidi ya dola. Hapo nako sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye hiyo hesabu ya kutoa.

Kosa la mizani

Ukitoa bei ya Dar kwenye bei ya Bariadi, kila kitu ambacho miji hii miwili inalipa sawasawa kinafutika. Kinabaki kile kinachotofautiana, yaani barabara. Kwa hiyo msomaji wa Bariadi anajifunza somo moja tu, tena kwa uchungu: sisi tunalipa zaidi kwa sababu tuko mbali. Lori analiona. Analiona kwenye jedwali na analiona barabarani linashuka Maswa. Meli haioni popote.

Wazee wa Usukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mizani ya kununulia pamba ikiwa inaiba kilo mbili kwa kila mzigo, huwezi kuligundua hilo kwa kulinganisha mzigo wako na wa jirani, kwa sababu nyote mmeibiwa kilo zilezile. Tofauti yenu itakuwa sahihi kabisa, na bado mizani ni mbovu. Ndiyo maana miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, walianza kujenga ushirika, na hasira ya mizani ilikuwa sehemu kubwa ya msukumo huo. Hawakutosheka na kulinganisha magunia. Walitaka kuiona mizani yenyewe.

Sisemi kwamba kuna anayetuibia baharini. Ninachosema ni kwamba gharama inayolipwa na wote sawasawa ndiyo rahisi zaidi kukosa shahidi. Na tangazo letu, kwa jinsi lilivyoandikwa, halitupi macho ya kuiona.

Haya, twende baharini tukaone kilichofichika.

Mbuzi kwenye kigingi

Wengi wetu tuliosomea mbali na pwani tuna picha ya meli imeegeshwa kwenye gati, mabomba yameunganishwa, mafuta yanashuka. Picha hiyo ni ya kweli kwa Kurasini, kwenye gati la mafuta linaloitwa KOJ, linalopokea meli zenye uwezo wa kubeba hadi tani 45,000 hivi. Lakini dizeli kwa sehemu kubwa hupitia Mjimwema, Kigamboni, na kule meli haigusi nchi kavu kabisa. Inafungwa baharini kwenye boya moja kubwa, maarufu kwa herufi zake tatu, SPM, mali ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA. Boya hilo lilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2010 na limesanifiwa kwa meli za hadi tani 150,000. Kabla yake palikuwa na boya la zamani, la enzi za mafuta ghafi ya kiwanda cha TIPER kilichofunguliwa 1966 na ya bomba la TAZAMA la kwenda Zambia, lenye urefu wa kilomita 1,710, lililoanza 1968.

Kwa nini boya moja? Mtazame mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Upepo na mvua vikija, anageuka, anazunguka, anatafuta upande usiomsumbua. Kigingi hakihangaiki sana. Sasa mfunge mbuzi huyohuyo kwa kamba nne, kila mguu na kigingi chake. Hawezi kugeuka. Dhoruba ikimpiga ubavuni, ama kamba zitakatika au vigingi vitang'oka.

Meli ni hivyohivyo, na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua meli ya urefu wa mita 250 na upana wa mita 44. Ubavu wake ulio juu ya maji tuseme ni mita za mraba 3,000, na uso wake wa mbele mita za mraba 900. Upepo wa kilomita 54 kwa saa unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 14. Ukipiga ubavuni, unasukuma kama tani 41. Ukipiga usoni, kama tani 12. Mkondo wa maji chini yake una tofauti kubwa zaidi, kwa sababu maji ni mazito mara mia nane hivi kuliko hewa. Hapa Afrika Mashariki kusi na kaskazi hupokezana kila mwaka, na maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Meli iliyofungwa pua tu kwenye boya inajigeuza yenyewe na kuuelekeza uso wake kule nguvu inakotoka.

Lakini mbuzi hapitishi mafuta kwenye kamba yake. Meli inapitisha, na hapo ndipo ufundi ulipo. Boya limeshikwa na minyororo mizito inayoshuka mpaka kwenye nanga zilizozama sakafuni mwa bahari, kwa hiyo lenyewe halizunguki. Juu yake kuna sehemu iliyokaa kwenye beringi kubwa, na hiyo ndiyo inayozunguka pamoja na meli. Mipira minene inayoelea inatoka kwenye meli hadi hapo. Mafuta yanapita katikati ya boya kupitia kiungo kinachozunguka bila kuvuja, yanashuka kwa mipira mingine hadi kwenye kitako chenye vali kilichokaa chini baharini, kisha yanaingia kwenye bomba la chuma lililolala sakafuni mpaka Kigamboni. Pampu zinazosukuma ni za meli yenyewe. Nyuma ya meli kwa kawaida kuna tagi inayoivuta taratibu isije ikalipanda boya upepo ukitulia. Na kwenye mipira kunawekwa kiungo cha kukatikia: meli ikivutika kupita kiasi, kinaachia na kujifunga pande zote mbili, mafuta yasimwagike.

Bomba lenyewe nalo si la kulidharau. Chukulia bomba lenye uwazi wa sentimita 70 na urefu wa kilomita tano. Ndani yake kuna lita milioni 1.9 zilizolala tu, kabla tone la kwanza la meli yako halijafika tangini. Ni karibu malori 48. Ukitaka kupitisha bidhaa nyingine kwenye bomba hilohilo, lazima kwanza uziondoe hizo, na pale bidhaa mbili zinapokutana kunakuwa na mchanganyiko unaopaswa kutengwa. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya boya lipendelee meli kubwa ya bidhaa moja.

Wapi pesa inapovuja

Sasa turudi kwenye tangazo. Chukua meli yenye tani 120,000 za dizeli. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, kwa hiyo humo mna lita milioni 143. Kwa malori ya lita 40,000 kila moja, ni malori zaidi ya 3,500. Yapange kwenye foleni, kila moja na nafasi yake ya mita 20, foleni itatoka Bariadi mjini na kufika Lamadi.

Pampu zikisukuma mita za ujazo 4,000 kwa saa, meli hiyo inamaliza kushusha kwa saa 36. Siku moja na nusu! Hapo utaona kwamba meli ikikaa siku 20 nje ya bandari, tatizo si pampu. Ama inasubiri zamu, kwa sababu boya ni moja, au inasubiri matangi ya nchi kavu yapate nafasi. Na meli inayosubiri inadai kodi yake ya siku. Watu wa bandari wanaiita demareji.

Hebu tufanye mfano wa kubuni. Tuseme meli inadai dola 30,000 kwa siku, na imesubiri siku 20. Ni dola 600,000. Gawanya kwa tani 120,000, unapata dola 5 kwa tani. Dola ikiwa shilingi 2,500, ni shilingi kumi na nusu kwa kila lita. Ingekuwa meli ndogo ya tani 40,000, hata tukiishushia kodi iwe dola 20,000 kwa siku, kusubiri kulekule kungetoka shilingi 21 kwa lita, mara mbili. Ndiyo mantiki ya boya kubwa, na ndiyo mantiki ya mfumo wa kuagiza mafuta kwa pamoja ambao sasa unasimamiwa na wakala wake, PBPA: mizigo midogo iunganishwe iwe mkubwa, ili gharama ya siku moja igawanywe kwa lita nyingi.

Utaniambia shilingi kumi ni kitu gani, wakati kodi na bei ya dunia zinahesabika kwa mamia? Ni kweli, na sitaki uondoke hapa ukidhani nimekuonyesha chanzo cha bei kubwa. Sijafanya hivyo. Mwenye mashine ya kusaga Bariadi anayechoma lita 20 kwa siku, kwa mfano wetu, atalipa shilingi 210 kwa siku, kama elfu 63 kwa siku 300. Haitamfilisi. Lakini iangalie vizuri hiyo hela. Kodi ya barabara inaweza kumrudia kama lami. Nauli ya lori imemfikishia mafuta. Hii ya kusubiri haikununua chochote. Ni meli imekaa, mabaharia wanavua samaki. Tena ni gharama ambayo sisi kama nchi tunaweza kuipunguza, tofauti na bei ya soko la dunia ambayo tunaisikilizia tu.

Mstari upo, ila umefungiwa kabatini

Hapa lazima niwe mkweli kwa EWURA. Kwenye kanuni yao ya kukokotoa bei, demareji imo. Ina mstari wake, kwa dola kwa tani, pamoja na upotevu wa mafuta baharini, ada za bandari na mengineyo. Hakuna aliyeificha. Tatizo ni la kiuandishi: mstari uko kwenye jedwali la wataalamu, kwa kipimo ambacho hakuna anayenunulia mafuta. Ni nani anayekwenda sheli kununua tani?

Na sisi waandishi hatujasaidia. Tunaandika kwamba meli "imetia nanga" wakati imefungwa kwenye boya. Tunaandika "imeshusha bandarini" wakati imeshushia baharini. Tunaandika SPM na KOJ kana kwamba kila mtu alizaliwa Kurasini. Kisha tunapongeza kwamba boya linapokea meli ya tani 150,000, tukasahau kuuliza swali la pili: hayo mafuta yanakwenda kumwagwa wapi? Boya kubwa lenye matangi madogo ni kama ndoo ya lita 20 inayomiminwa kwenye chupa ya soda. Ukubwa wa ndoo hauharakishi kitu.

Ndiyo maana mradi wa TPA wa kujenga matangi 15 Kigamboni, uliotiwa saini mwaka 2024, ni habari kubwa kuliko ilivyoripotiwa. Uwezo wake ni mita za ujazo 378,000. Ukigawanya kwa meli yetu ya mfano yenye mita za ujazo 143,000, ni meli mbili na nusu na kidogo. Hiyo namba ndiyo inayomhusu mtu wa Bariadi, siyo idadi ya matangi wala mabilioni yaliyotumika. Inamwambia kwamba meli inaweza kumwaga mzigo wake wote mfululizo na kuondoka.

Jirani zetu walipita njia nyingine. Mombasa, mwaka 2022, Kenya ilifungua gati jipya la mafuta la Kipevu lililojengwa majini, lenye uwezo wa kuhudumia meli nne kwa wakati mmoja, na mabomba yake yamezikwa chini ya sakafu ya bahari. Gati la namna hiyo ni ghali, ila linaondoa tatizo la zamu. Boya ni nafuu na linakaa kwenye kina kirefu bila kuchimba mlango wa bandari, ila ni moja, na bahari ikichafuka au beringi ikihitaji matengenezo, kila kitu kinasimama. Hakuna jibu moja sahihi. Lakini huwezi kuujadili uchaguzi huo kama hujui kwamba upo.

Tangazo lingeweza kuandikwaje?

Mhakiki anayelalamika bila kupendekeza ni mpiga kelele, kwa hiyo nami niweke la kwangu mezani. Sihitaji kurasa kumi. Nahitaji sentensi tatu chini ya jedwali, namba zikijazwa kila mwezi:

"Mafuta ya mwezi huu yaliletwa na meli ____. Kwa wastani kila meli ilisubiri siku ____ kabla ya kushusha. Kusubiri huko kumeongeza shilingi ____ kwenye kila lita ya dizeli, popote ulipo Tanzania."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko yote. Yanamwambia mtu wa Bariadi na wa Mbagala kwamba kuna foleni moja wanayoilipia pamoja. Na yakitolewa mwezi baada ya mwezi, miaka miwili baada ya matangi ya Kigamboni kuanza kazi mtu yeyote ataweza kuona kama namba ya kusubiri imeshuka. Isiposhuka, tutakuwa na swali la kuuliza. Kwa sasa hatuna hata pa kuanzia kuuliza.

Wakati tunasubiri sentensi hizo, kuna njia ya mkato. Ukipata mchanganuo wa bei, tafuta mstari wa demareji ya dizeli, chukua dola kwa tani, zidisha kwa 2.1. Hiyo ni gramu 840 za lita na shilingi 2,500 za dola zikiwa zimeshaingizwa humo. Dola ikibadilika, rekebisha. Jibu ni shilingi kwa lita. Lifanye Jumatano ijayo, kisha lirushe kwenye grupu lako pamoja na picha ya jedwali. Babu zetu walikwenda kusimama kando ya mizani ya pamba wasome wenyewe. Mizani ya siku hizi inaelea Mjimwema, na kalkuleta ya simu inatosha kuisoma.